Diski ya Kujaribu

Juni 6
Mwalimu Sulochana ameniambia niandike kila hatua nisije nikasahau, ndiyo maana nikalichukua daftari hili. Lilikuwa la binti yangu Prajisha. Kurasa za mbele zina hesabu zake za darasa la tisa, mimi naanzia nyuma.

Hatua zenyewe. Bonyeza kitufe cha kuwasha. Tia diski upesi. Subiri, wala usibonyezebonyeze. Itauliza lugha, chagua Kimalayalamu, lugha yetu. Halafu itauliza: JARIBU au WEKA. Bonyeza JARIBU. Usibonyeze WEKA hata kidogo.

Kompyuta hii ni ya mkwe wangu. Aliiacha alipomchukua Prajisha kwenda naye Sharjah, na tangu Februari ikiwashwa inaonyesha kioo cha buluu chenye maneno ya Kiingereza na kunyamaza. Virusi, anasema mwalimu. Picha zote za harusi zimo humo.

"Hii ni Linux, dada Yashoda," akaniambia, akiionyesha diski kama mtu anayeonyesha kitambaa dukani. "Shuleni kwetu watoto wa darasa la tano wanaitumia. Virusi haviiwezi, na hainunuliwi."

"Kama hainunuliwi, anayeitengeneza anakula nini?"

"Wanaitengeneza watu wengi. Kila mtu kidogo kidogo, kisha wanagawiana."

Baba Prajisha alikuwa amelala kwenye mkeka, uso ukutani. Akageuka. "Ushirika huo!" Kisha akakohoa, akafikiri, akasema: "Basi nao utafungwa, kama wetu."

Wiki tatu sijamsikia akifanya mzaha. Mwalimu akacheka, mimi nikaenda jikoni nikajifuta macho.

Kitufe cha WEKA kikibonyezwa, mfumo huu mpya unakaa ndani moja kwa moja, lakini unafuta kila kilichokuwamo, na harusi ya Prajisha pamoja nacho. Mwalimu atakuja Jumapili ijayo azihamishe picha kwanza, ndipo aweke. Mpaka siku hiyo natumia JARIBU.

Sababu ya yote haya niiandike pia. Daktari wa hospitali kubwa amesema uvimbe wa koo la baba Prajisha hautibiki kwa dawa. Mwisho wa Julai watamkata, na watakitoa kisanduku chote cha sauti. Atakuwa anapumua kwa tundu shingoni. Hatasema tena. Prajisha ana mimba ya miezi saba, hawezi kupanda ndege. Alilia kwenye simu mpaka nikaogopa kwa ajili ya mtoto. "Mama," akasema, "nitunzie sauti ya baba. Mwanangu naye aisikie." Simu yetu ni ya kupiga na kupokea tu. Nikasema nitaitunza. Sikujua nitaitunzaje, nilisema tu kama mama anavyosema.

Juni 7
Mvua. Imekataa kuwaka mara mbili, ya tatu ikakubali.

Juni 9
Nimekipata chombo cha kurekodi humo ndani ya kompyuta. Kina duara jekundu. Nilibonyeza nikakohoa, kuku akapita, nikamfukuza, nikabonyeza tena. Yote yamo! Kikohozi, kuku, na mimi. Kumbe sauti yangu ndiyo hiyo, kama mtu anayeomba radhi mlangoni. Nimeiandikia jina "kuku". Imekaa pale kwenye kioo, picha ndogo yenye jina chini yake, na mimi ndiye niliyeiandika.

Juni 10
Amekataa.

"Nimwambie nini mtoto ambaye hajazaliwa? Sina habari zake."

"Mwambie wewe ni babu yake."

"Atajua. Nani mwingine atakuwa ananyamaza hapa kwenye mkeka?"

"Baba Prajisha, tafadhali."

"Mimi si mhubiri, mama. Sijui kusema maneno yangu. Mimi nasoma ya wengine."

Na ni kweli. Miaka thelathini na moja alikuwa msomaji wetu katika kiwanda cha ushirika, mpaka kilipofungwa. Tulikaa safu kwa safu, sinia mapajani, tukifunga biri, zile sigara fupi za jani, na yeye juu ya kiti akitusomea: asubuhi gazeti, alasiri hadithi. Biri zake tulimfungia sisi, kila mtu kidogo, ili naye apate ujira wake. Mimi niliishia darasa la nne. Kila ninachojua kuhusu dunia kimeingia kwa sauti ile. Mwaka wa kwanza sikuwahi hata kumwangalia usoni, maana mikono ilikuwa na kazi na macho yalikuwa kwenye jani. Niliolewa na sauti, uso nikauzoea baadaye.

Juni 12
Nimepata njia. Nilimpa gazeti la leo, nikasema, "Basi nisomee mimi. Nina muhogo wa kumenya." Akatazama kompyuta, akanitazama mimi. "Mjanja wewe," akasema. Akasoma.

Amesoma dakika ishirini na mbili. Bei ya pilipili manga, daraja lililopasuka, na matangazo ya vifo ambayo huyasoma kwa raha zote, akisimama kidogo kila baada ya jina kama anayempa marehemu nafasi ya kupinga. Sauti imekwaruza, lakini ni yeye. Nimeandika jina: "Baba Juni 12".

Juni 13
Jumapili. Mwalimu hakuja. Amempa mtoto wa jirani ujumbe: ana mafunzo ya walimu, Jumapili ijayo.

Juni 15
Nimegundua jambo. Ukifunga kifuniko tu, bila kuizima, inalala. Ukifungua inaamka, kila kitu pale pale ulipokiacha. Kwa hiyo siizimi tena. Kuiwasha upya kunanitia hofu, nitakuja kukosea nibonyeze WEKA kwa mkono unaotetemeka. Iendelee kulala na kuamka.

Sasa sauti zake zipo tatu.

Juni 16
Mvua. Amesoma.

Juni 17
Mvua. Hakusoma, koo lilitoka damu kidogo. Aliificha leso, nimeiona.

Juni 20
Mwalimu hakuja tena. Mto umepanda, watu wa upande wa chini wamehamia shuleni, na yeye ndiye anayewapikia uji. Nilimpelekea mafenesi mabichi mawili. Nilimkuta miguu imelowa hadi magotini, analazimisha tabasamu. "Dada Yashoda, inaendelea vizuri?" "Vizuri sana, mwalimu." "Umeokoa? Yaani umehifadhi?" "Nimehifadhi zote, kila moja na jina lake." "Safi! Wewe sasa ni mtaalamu kuliko mwalimu mkuu wetu." Mtoto mmoja akamvuta nguo, mwalimu akaondoka naye.

Sina la kumlaumu. Hakuna binti mwingine hapa kwetu mwenye moyo ule.

Juni 24
Umeme umekatika tangu jana alfajiri, mnazi umelala juu ya nyaya. Betri ya kompyuta ni ya kizee. Hata ikiwa imelala inakula kidogo kidogo. Saa nne asubuhi ilianza kuwasha taa ya njano. Niliifunga kwa mifuko miwili ya nailoni, nikaiweka tumboni ndani ya sari, nikatembea na mwavuli hadi kinu cha mpunga, chenye jenereta. Maji yalikuwa hadi vifundoni.

Njiani nikakutana na wifi yangu Madhavi, dada mkubwa wa baba Prajisha, amesimama barazani kwake kama askari wa zamu.

"Yashoda! Umepata mimba uzeeni?"

"Kompyuta, wifi."

"Mume anaumwa, wewe unatembeza kompyuta matembezi."

"Ni sauti yake hii nimeibeba."

"Sauti yake iko kooni mwake. Nenda ukampikie uji wa moto."

Kinuni walinipa soketi karibu na mashine, nikakaa saa tatu nimeikumbatia, unga wote kichwani. Niliporudi baba Prajisha aliniangalia akasema, "Kumbe nimeoa bibi mzee."

Wifi hana mtoto, hajui. Ndivyo nilivyomwazia leo, na sijutii.

Juni 29
Amesoma dakika tisa. Zipo saba.

Julai 2
Sauti inashuka. Ukiisikia leo utasema mtu anaburuta kiti kwenye sakafu ya chumba cha pili. Nimefungua ya Juni 12 niilinganishe, akanikataza. "Usinichezeshee marehemu," akasema.

Julai 4
Mwalimu hakuja, wala hakutuma mtu. Nimesikia ana homa.

Julai 8
Leo niandike taratibu.

Alisoma dakika tano, hali ya hewa tu na habari ya ndovu aliyeingia sokoni. Kisha akakunja gazeti. Mimi nilikuwa nje naanua nguo ambazo hazijakauka, sikubonyeza kusimamisha. Yeye hajui kuwa duara likiwa jekundu bado inasikiliza. Nikiwa dirishani nikamsikia anaongea. Si gazeti. Anaongea na mtoto. Alianza, "Sasa wewe mdogo..." kisha akasema habari ya mama yake, Prajisha, alivyokuwa mdogo akija kiwandani, akikaa chini ya kiti chake na kulala gazeti likisomwa. Akasema na mengine. Alisema kitu juu yangu. Nilisimama na nguo mikononi, maji yananitiririkia shingoni, nisisogee.

Aliponyamaza niliingia, nikasimamisha, nikahifadhi. Jina: "Mdogo". Sikumwambia. Siyaandiki maneno yenyewe hapa, mwandiko wangu utayaharibu, na kule ndani yamo kama alivyoyasema, pamoja na mvua nyuma yake. Sikuicheza hata mara moja. Nataka Prajisha awe wa kwanza.

Julai 11
Prajisha amepiga. Nimemwambia zipo kumi na moja, na moja ni yake na ya mtoto, hata mimi sijaisikiliza sawasawa. Alilia tena, lakini kilio kingine. "Mama, kweli umefanya peke yako?" Nikamwambia mbona ni rahisi tu. Nilijisikia mrefu.

Mkwe amesema mwenzake anakuja likizo Agosti, atazichukua kwenye kifaa aende nazo Sharjah.

Julai 13
Hospitali wamepiga. Tarehe 27 ya kumkata haibadiliki. Aende kulazwa tarehe 25.

Baba Prajisha sasa anaongea kwa mnong'ono, akiutumia kwa mambo ya lazima: chumvi, maji, funga dirisha.

Julai 16
Leo ni siku ya mwisho ya mwezi kwa kalenda yetu, siku ya kumfagia Nuksi nje na kumkaribisha Neema, maana kesho Karkidakam inaingia, mwezi wa njaa na magonjwa. Wifi Madhavi alifika kabla ya chai na fagio lake mwenyewe, kwa sababu langu anasema linapapasa tu.

"Mwaka huu nyumba hii ndiyo ya kusafishwa kuliko zote," akasema. "Nuksi amejaa humu mpaka darini."

Baba Prajisha akanong'ona, "Dada, mapinduzi niliyoyasoma miaka yote yalishindwa kuingia humu. Neema ataingia kwa fagio?"

"Nyamaza, uokoe koo."

Tulitoa kila kitu. Mikeka iliyochanika, chungu chenye ufa, kandambili zisizo na mwenzake, magazeti ya miaka yote. Wifi aliyafunga kamba, baba Prajisha akayatazama. Tukafagia dari, tukafuta madirisha, tukamwagia sakafu maji. Kila chombo cha nyumba kiliguswa, maana usipokigusa Nuksi anajificha humo, na mwezi mzima unakaa naye.

Wifi akasimama mbele ya kompyuta. "Na hiki? Mwezi na nusu kimekaa hapa hakijapanguswa hata siku moja. Tazama vumbi kwenye matundu. Kinanguruma kama mgonjwa."

Nilikiangalia. Kweli kilikuwa kinanguruma. Nikajiambia, mume wangu anakwenda kukatwa baada ya siku kumi na moja, na mimi naacha kitu kimoja ndani ya nyumba bila kusafishwa kwa sababu ya uoga wa kukiwasha tena? Nikatafuta pale juu pembeni. Imeandikwa ZIMA. Nikasoma vizuri. Ikaniuliza una hakika? Nikajibu ndiyo. Ikaitoa diski yenyewe, kwa adabu, ikasema itoe kisha ubonyeze. Nikaitoa, nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi, mngurumo ukakatika. Nikaipangusa kwa kitambaa kibichi kisha kikavu, nikaipuliza matundu, diski pia nikaifuta kwa upindo wa sari. Nilijisifu kwamba sikutetemeka.

Jioni wifi akabeba kikapu cha takataka hadi mpakani mwa kiwanja, akakitupa, akapiga kelele, "Toka Nuksi! Ingia Neema!" Mimi nikawasha taa, nikamwekea Neema maji na maua kwenye kiti cha mbao. Nyumba ilinukia vizuri. Nikalala usingizi.

Julai 17
Asubuhi nimeiwasha. Diski, subira, Kimalayalamu, JARIBU. Imewaka mara ya kwanza bila taabu.

Hakuna.

Kioo ni kile cha siku ya kwanza. Rangi ile ile, picha mbili zile zile ambazo hazikuwa zangu. "Kuku" hayupo. "Baba Juni 12" haipo. Nikasema labda zinachelewa kuamka. Nikangoja saa nzima. Nikazima, nikawasha. Nikafungua kila kibweta, nikaita kila jina kwenye kile kidirisha cha kutafuta. Mdogo. Mdogo. Mdogo. Ikanijibu hakuna kilichopatikana, kwa herufi nzuri za kwetu, kama karani mwenye heshima.

Nimefuata hatua zote kwenye daftari hili mara saba. Zinafika palepale.

Sijamwambia. Aliniona nimeikumbatia mikono, akauliza kwa kidole, nini? Nikasema nimejichoma na chungu.

Julai 18
Mwalimu Sulochana alikuja mwenyewe baada ya kupata ujumbe wangu, na homa yake, amejifunga shali kichwani. Alisikiliza nusu tu ya maneno yangu, akakaa chini sakafuni.

"Uliizima?"

"Ilikuwa siku ya kusafisha."

"Dada Yashoda. Tangu Juni ulikuwa hujaizima?"

"Nilikuwa naifunga tu."

Akaziba mdomo kwa shali. "Ile ilikuwa ya kujaribu. Ukibonyeza JARIBU haiandiki popote, inashika vitu kichwani tu. Ukiizima kichwa kinakuwa kitupu. Nilidhani unaizima kila siku. Nilidhani umeshaona kwamba havibaki."

"Uliniuliza nimehifadhi. Nikasema nimehifadhi."

"Ndiyo."

"Ikanikubalia. Iliandika majina."

"Ndiyo, dada. Inakubali."

"Hakuna mtu wa kumuuliza? Umesema wako wengi, kila mtu anatengeneza kidogo. Hakuna hata mmoja anayejua?"

Akatikisa kichwa. Kisha akaanza kulia, na mimi nikajikuta nampigapiga mgongo, mtoto wa watu, ana miaka ishirini na sita, mwezi mzima anawapikia watu mia mbili na mshahara haujaja. Nilitaka kumchukia. Nimejaribu jana kutwa kumchukia, nikajaribu na wifi. Mkono uliobonyeza ni huu hapa unaoandika.

Baba Prajisha alikuwa ameyasikia yote. Chumba ni kimoja.

Julai 19
Amenong'ona asubuhi, polepole, kila neno analivuta: "Miaka thelathini na moja nilisoma. Hakuna aliyeiweka sauti popote. Biri ziliendelea kufungwa."

Alitaka kunituliza. Sikutulia.

Nikamwambia nilimsikia siku ile ya dirishani. Akashtuka, masikio yakawa mekundu kama kijana. Nikamsihi arudie. Tukaiwasha, mwalimu ameniachia kijiti cha kuhifadhia, cha kuchomeka ubavuni, kinachobaki na vitu hata ikizimwa. Akakaa wima. Akafungua mdomo. Kilichotoka ni hewa, na ndani ya hewa kitu kama jani kavu. Akajaribu mara ya pili. Mshipa wa shingo ukasimama. Nikabonyeza kusimamisha kabla hajamaliza, sikuweza.

Nilipoicheza hakikusikika kitu isipokuwa mvua kwenye mabati.

Julai 20
Nimempa daftari hili na kalamu. Nikamwambia, basi andika uliyosema. Alikaa nalo mpaka chai ikapoa. Aliponirudishia, alikuwa ameandika neno moja hapa pembeni: Nimesahau.

Sijui kama ni kweli. Mtu anayekumbuka vifo vyote vya gazeti tangu mwaka sabini na nne.

Mimi ninayokumbuka ni haya: Sasa wewe mdogo. Kiti. Mama yako alikuwa analala mdomo wazi. Halafu jina langu, na baada ya jina langu aliendelea, lakini hapo ndipo nilipoanza kulia kule nje, na kulia kwangu kukafunika maneno. Nilijua yamo ndani.

Julai 22
Wifi Madhavi amejua. Nani kamwambia sijui. Alikuja na uji wa dawa, akauweka, akakaa jikoni na mimi. Nikangoja aseme. Alichukua kisu akanisaidia kumenya, maganda yake manene, anaharibu nusu ya muhogo, nikamwacha. Alipoondoka akasema akiwa mlangoni, "Mimi ndiye niliyesema vumbi." Nikamwambia hapana wifi. Akasema, "Mimi ndiye." Akafungua mwavuli akaenda. Mgongo wake umepinda, sikuwa nimeuona.

Julai 23
Mvua.

Julai 24
Mvua. Nimefunga nguo zake. Prajisha amepiga, nikampa baba yake simu, akamsikiliza, akaitikia kwa kucha, akigonga. Mara moja ndiyo. Prajisha hajaambiwa kwamba zimepotea. Nani amwambie mwanamke mwenye mimba ya miezi nane? Nikisema kesho kila siku, kesho itaisha.

Julai 27
Wamemchukua saa mbili. Kabla ya mlango wa chumba cha upasuaji alisema neno la mwisho, kwa nesi: "Taratibu." Lilitoka vizuri kuliko yote ya mwezi huu.

Agosti 3
Wodi. Tundu linasafishwa mara sita kwa siku, wamenifundisha. Mikono haitetemeki kwa hili.

Agosti 10
Tumerudi nyumbani. Mvua inakatika.

Mwalimu Sulochana alikuwa ametimiza alilosema Juni. Amezihamisha picha za harusi, kisha amebonyeza WEKA. Sasa haihitaji diski. Inawaka yenyewe, inauliza neno la siri, inaniita kwa jina langu. Alinionyesha, akaandika barua fupi, akaizima kabisa, akaiwasha. Barua ipo pale.

"Sasa haitasahau kitu, dada."

Nikamshukuru. Nikampa chai. Kioo kilikuwa safi, na ile barua moja katikati imeandikwa "jaribio". Baba Prajisha akaitazama kwa muda, akaifunga kifuniko kwa vidole viwili.

Agosti 12
Amekula uji kikombe kizima.

Agosti 14
Gazeti linakuja, analisoma kimya. Akifika kwenye vifo midomo inatembea.

Agosti 18
Amezaliwa! Wa kike. Kilo tatu kasoro kidogo. Mkwe alipiga alfajiri. Prajisha hajambo. Nilimpigia kelele baba Prajisha akiwa uani, akatupa maji ya mswaki, akaja mbio mkono umeshika tundu. Wifi amekuja, ameimba, ameangua kilio, amefagia uani bila kuombwa.

Agosti 21
Prajisha amepiga mwenyewe leo kutoka kitandani. Sauti yake ndogo, imechoka. Mtoto alikuwa anasikika, kama paka aliyefungiwa kabatini. Tukaongea maziwa, tukaongea kitovu. Halafu akasema:

"Mama, siwezi kungoja yule mtu wa likizo. Iwashe ile ya baba, ile yetu. Isogeze karibu na simu. Yuko macho sasa hivi, nimemweka simu sikioni."

Nikasema, "Mwanangu..."

"Hata kidogo tu, mama. Aisikie."

Simu yetu inapiga kelele, baba Prajisha alikuwa amekaa karibu, aliyasikia. Nilimwangalia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme, naapa nilikuwa nimeshaufungua. Akanyoosha mkono akaichukua simu. Hakuipeleka mdomoni. Akashusha kitambaa shingoni, akaiweka pale kwenye tundu, akaishika kwa mikono miwili. Akapumua. Ndani, nje. Taratibu, akisimama kidogo kila baada ya pumzi. Alikaa hivyo nusu dakika, labda zaidi, macho kayafumba. Kisha akanirudishia.

"Mama?" Prajisha alikuwa anaita. "Mama, sisikii kitu, upepo tu. Huko kunanyesha?"

"Kunanyesha, mwanangu," nikasema.

Nje jua lilikuwa kali, nguo zote zimekauka kwenye kamba.